Jinsi ya Kutengeneza Kiko kwa Mkono: cha Gunzi, cha Kifuu na cha Mti

Maswali yanayonifikia kuhusu viko ni yaleyale. Nitumie mti gani? Tundu liwe na upana gani? Mbona kiko changu kinachoma ulimi? Mbona kifuu kinavuja, mbona bori, yaani kikombe cha tumbaku, limepasuka motoni? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza leo afuate hatua bila kukisia.

Tutatengeneza viko vitatu. Cha kwanza ni cha gunzi la mahindi, kwa mtindo wa Missouri, Marekani. Hicho ni cha kuzoeza mkono. Cha pili ni kiko chetu cha mwambao, chenye kifuu cha nazi na maji, na hapo nitakaa zaidi kwa sababu mafundi wake wanazidi kupungua na vijana wengi hawajui hata majina ya sehemu zake. Cha tatu ni cha mti mtupu, kwa mtindo uliokuzwa Saint-Claude, mji wa milima ya Jura nchini Ufaransa.

Kanuni ni moja kwa vyote vitatu: tundu kwanza, urembo baadaye. Anayeanza hupenda kuchonga nakshi, sura ya simba au mdomo uliopinda, halafu ndipo atafute pa kupitishia moshi. Kiko cha namna hiyo hakivuti, hata kikipendeza vipi. Waliokuwa wakifinyanga viko vya udongo Uingereza walilichukulia tundu kwa uzito mkubwa. Katika karne ya 17 na 18, mirija ilivyozidi kurefuka, matundu yake yalizidi kuwa membamba, na mwaka 1954 mwanaakiolojia J. C. Harrington alionyesha kwamba kwa kupima tundu la kipande kilichofukuliwa ardhini unaweza kukadiria ni cha miaka gani. Fundi wa wakati ule alijua tundu lake linatakiwa kuwa na upana gani, na wewe ujue lako kabla hujashika kisu.

Neno la afya, nalisema bila kuzunguka. Tumbaku huleta saratani ya mdomo, koo na mapafu, na kupitisha moshi kwenye maji hakuondoi sumu yake, hupunguza joto tu. Mwongozo huu unafundisha kazi ya mikono. Kiko kizuri kinaweza kukaa kabatini maisha yake yote kisipungukiwe na heshima. Na usimtengenezee mtoto.

Majina ya sehemu

Kwenye kiko cha mwambao, kikombe cha kutilia tumbaku ni *bori*. Mrija unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini ni *digali*. Chombo cha maji ndicho *kiko* chenyewe. Mrija unaotoka kwenye chombo kwenda mdomoni ni *shilamu*. Ile sauti ya maji yakibubujika ni *malio ya kiko*, na utaihitaji kwenye majaribio. Kwenye kiko cha mti hakuna maji: kuna bori, shingo inayotoka kwenye bori, na mdomo unaochomekwa kwenye shingo.

Vifaa

- Msumeno wa meno madogo na kisu kikali
- Drili ya mkono au ya umeme, au keekee, na biti za milimita 4, 6 na 8. Ile ya 4 iwe ndefu, milimita 100 au zaidi
- Biti bapa ya milimita 20
- Tupa ya mviringo na tupa bapa
- Msasa namba 120, 240, 400 na 600
- Jiriwa, au mtu wa kukushikia akiwa na glavu nene
- Spoku ya baiskeli na jiko la mkaa
- Nta ya nyuki, uzi wa pamba, unga wa mkaa uliochekechwa, maziwa mgando
- Rula yenye milimita na penseli
- Barakoa ya vumbi na miwani ya kazi

Huna biti ndefu? Usianze kiko cha mti. Anza na gunzi na kifuu, uitafute polepole.

Mti gani, na mti gani usiuguse

Ulaya hutumia briari, nundu inayoota kwenye shina la Erica arborea, kichaka cha ukanda wa Mediterania. Nundu hiyo huchemshwa kwa saa nyingi, kisha hukaushwa kwa miezi kabla ya kuchongwa, na ndiyo sababu inastahimili kaa la moto bila kupasuka. Huku kwetu kichaka hicho huota kwenye milima mirefu tu, si rahisi kukipata. Unaweza kuagiza vipande vyake, lakini si lazima.

Miti tuliyonayo inayofaa bori ni mzeituni mwitu (Wamaasai huuita oloirien), mpera, mchungwa na mlimau. Mzeituni mwitu ndio ninaoupenda kuliko yote: mzito, nyuzi zake zimeshonana, na ukisuguliwa unang'aa wenyewe. Mpera ni wa pili, tena unapatikana uani kwa watu. Ukiwa Ulaya au Marekani, tafuta mcheri au mpea.

Mpingo watu huniulizia sana. Ni mti wa heshima, lakini ni mgumu mno kwa anayeanza, huvunja biti, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Uutumie kwa pete ya urembo kwenye shingo, si kwa bori. Tena karibu jamii nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 2017, kwa hiyo ukitaka kuuza nje ya nchi uliza kwanza kuhusu kibali. Pembe ya ndovu usiiguse kabisa, hata ukiambiwa ni kipande cha zamani.

Onyo: usitengeneze bori wala mrija kwa mnyaa (utomvu wake unaweza kupofusha), oleanda (mti mzima ni sumu), mkorosho au mwembe (utomvu wake hubabua watu wengi), mbao za palet zilizotiwa dawa, wala plaiwudi yenye gundi. Kitu hiki kitapata moto na moshi wake utaingia kinywani mwa mtu. Mti usioujua, uache.

Mti uwe mkavu hadi ndani. Kata kipande, paka nta kwenye ncha zake mbili ili zisikauke haraka kuliko katikati, kiweke kivulini penye hewa. Kipime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kipande kiko tayari. Kwa kipande cha unene wa sentimita 5 hilo huchukua miezi mingi, kwa hiyo andaa vipande vingi kwa mpigo.

Kiko cha kwanza: gunzi

Mwaka 1869, katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, seremala Mholanzi aitwaye Henry Tibbe alianza kuchonga viko vya gunzi, na baadaye akagundua kwamba kulipaka gunzi plasta kunaliimarisha. Viko hivyo vinatengenezwa mjini humo hadi leo. Ni vya bei ndogo na vinavuta vizuri, ndiyo maana nakuanzishia hapa.

1. Chagua gunzi nene la mahindi yaliyokomaa shambani. Gunzi la mahindi ya kuchoma halifai, litasinyaa. Likaushe darini au juani hadi likatike kwa mlio mkavu.
2. Kata kipande cha sentimita 5 kutoka sehemu iliyo nene zaidi.
3. Toboa katikati kwa biti ya milimita 8, kisha panua kwa kisu hadi milimita 17 hivi. Simama ukibakiza milimita 15 chini. Usitoboe hadi upande wa pili.
4. Pembeni, mahali ambapo sakafu ya ndani ilipo, toboa tundu la milimita 6 liingie ndani ya kikombe. Lisiwe juu ya sakafu, lisiwe chini yake.
5. Chukua tete kavu la sentimita 12. Pasha spoku ya baiskeli kwenye mkaa hadi iwe nyekundu, uipitishe ndani ya tete kuchoma viungo vilivyoziba. Rudia hadi upulize na hewa ipite bila kizuizi. Fanya kazi hii nje: moshi wake unawasha macho.
6. Chonga ncha ya tete ikaze kwenye tundu bila gundi. Mdomo wa tete uishie ukutani mwa kikombe, usijitokeze ndani.
7. Paka plasta ya jipsamu nje tu, ijaze mashimo ya punje. Iache ikauke siku mbili, piga msasa 120 kisha 240.

Ukishavuta hewa kavu na kuona inapita kwa wepisi, umeelewa nusu ya kazi nzima. Twende mwambao.

Kiko cha pili: kifuu, bori na maji

Viko vya maji ni vingi barani kwetu. Wanawake wa Kitonga wa bonde la Zambezi wanajulikana kwa kiko cha kibuyu kirefu. Pwani ya Waswahili, palipo na minazi, chombo ni kifuu. Kazi hii ina sehemu mbili, bori la udongo na chombo chenyewe, na inakubidi uanze na udongo kwa sababu unachukua siku nyingi kukauka.

*Bori*

1. Pata udongo wa mfinyanzi uliochekechwa. Changanya sehemu nne za udongo na sehemu moja ya vigae vya chungu vilivyotwangwa hadi kuwa kama mchanga. Vigae hivyo ndivyo vinavyozuia bori lisipasuke linapopokea moto kila siku. Ukiviruka, utajuta.
2. Ukande udongo hadi usibakie hata kiputo kimoja cha hewa. Kata bonge kwa uzi, tazama ndani: ukiona vitundu, endelea kukanda.
3. Finyanga bori la urefu wa sentimita 6 kuzunguka kijiti kilichopakwa mafuta. Juu pawe wazi, chini pawe pembamba. Ukuta uwe na unene wa milimita 6, sawasawa pande zote. Palipo nene na pembamba pakikutana, hapo ndipo ufa huanzia.
4. Ndani, toboa sakafu kwa kijiti cha milimita 6. Chini ya sakafu acha shimo la kuingizia digali. Udongo hunywea kiasi cha sehemu moja kati ya kumi ukikauka na kuchomwa, kwa hiyo shimo liwe pana kidogo kuliko digali.
5. Kausha kivulini kwa wiki nzima. Siku mbili za mwanzo lifunike kwa kitambaa. Jua la moja kwa moja ni adui.
6. Kabla ya kulichoma, liweke kando ya jiko la moto kwa saa mbili au tatu, ukiligeuzageuza. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yakigeuka mvuke ghafla, bori hupasuka kwa kishindo.
7. Choma kwa kuni kavu na makumbi, moto ukiwa mdogo kwanza halafu mkubwa, hadi bori liwe jekundu ndani ya moto. Liache lipoe ndani ya majivu hadi kesho yake.

Kama una mfinyanzi karibu, mpelekee bori lako alichome pamoja na vyungu vyake. Kina mama wa Kikisi wanaofinyanga kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa Matema, wanaujua moto huu kuliko kitabu chochote, na kila pwani na kila bara kuna mama wa namna hiyo. Mwamkie, msalimie vizuri, mlipe haki yake.

*Kifuu*

8. Chagua nazi kavu ya mviringo, isiyo na ufa. Itikise: ikiwa na maji ndani, ni nzima. Ondoa makumbi yote.
9. Toboa lile jicho laini, mwaga maji, kisha panua tundu kwa tupa ya mviringo hadi milimita 20. Nenda polepole ukizungusha mkono. Ukigonga kwa nyundo, kifuu hupasuka.
10. Weka nazi juani wiki mbili hadi tatu, tundu likitazama juu, ukiifunika usiku na wakati wa mvua. Nyama itakauka, itasinyaa na kuachana na kifuu. Ivunjevunje kwa waya uliokunjwa ncha, ukung'ute vipande vitoke.
11. Tia mchanga mkavu na vijiwe vidogo vya pwani, ziba kwa kidole gumba, tikisa. Utasikia sauti ikibadilika: mwanzoni ni nzito na butu kwa sababu nyama imegandama, baadaye ni kali na safi vijiwe vinapogonga kifuu kitupu. Ukifikia sauti hiyo, mwaga.
12. Chemsha kifuu kwenye maji ya majivu kwa nusu saa, suuza, rudia. Usiporudia, mafuta yaliyobaki yataoza na kiko kitanuka.
13. Upande, kwenye theluthi ya juu, toboa tundu la shilamu la milimita 8 likielekea juu kidogo. Weka mkanda wa karatasi mahali pa kutoboa ili biti isiteleze.
14. Kwangua nje kwa kipande cha chupa, uelekeo mmoja, hadi nyuzi zote ziishe. Piga msasa 120, 240, 400, kisha sugua kwa mafuta ya nazi na kitambaa. Rangi itatoka kahawia ya vumbi hadi nyeusi inayong'aa.

*Kuunganisha*

15. Digali ni mwanzi mwembamba wa sentimita 28, uliochomwa ndani kwa spoku hadi tundu lifikie milimita 6. Shilamu ni mwanzi mwingine au tete la sentimita 20 hadi 30.
16. Zungushia digali uzi wa pamba mahali litakapokaa kwenye jicho la kifuu, uzi uloweshwe kwenye nta iliyoyeyuka. Lisukume ndani hadi ncha yake ibakize sentimita 2 kufika chini. Fanya vivyo hivyo kwa shilamu, ila ncha yake isiingie ndani zaidi ya sentimita 1.
17. Tia maji hadi kina cha sentimita 4. Ncha ya digali sasa iko ndani ya maji kwa sentimita 2, na shilamu iko juu ya maji.
18. Ziba mdomo wa digali kwa kidole, vuta shilamu. Hewa isiingie popote. Ikiingia, ongeza nta. Achia kidole, vuta tena: malio yasikike laini, mfululizo.
19. Chomeka bori juu ya digali kwa kitambaa chembamba kilicholoweshwa maji, si nta. Nta iliyo karibu na moto itayeyuka.

Makosa mawili huharibu viko vingi vya kifuu. La kwanza ni kutia maji mengi, ukavuta maji badala ya moshi. La pili ni kuyaacha maji ndani usiku kucha. Mwaga kila mara, suuza, pindua kifuu kikauke.

Ukitaka nakshi, sasa ndio wakati wake. Mafundi wa milango ya Lamu na Unguja wametuachia maua, minyororo na mawimbi ya kutosha. Chora kwa penseli, chonga kwa ncha ya kisu kwa kina cha nusu milimita tu, kwa sababu kifuu si kinene.

Kiko cha tatu: mti

Hapa vipimo ni kila kitu. Andaa kipande cha urefu wa milimita 90, kimo milimita 50 na upana milimita 45, pande zote zikiwa na pembe mraba. *Usichonge umbo kabla ya kutoboa.* Kipande cha mraba hukaa sawa kwenye jiriwa, kilichochongwa huyumba, na tundu likienda upande huna namna ya kulirudisha.

1. Chora umbo la kiko ubavuni mwa kipande. Bori liwe mbele, mhimili wake (mstari wa katikati) milimita 22 kutoka ukingo wa mbele. Shingo itoke nyuma, mhimili wake milimita 12 kutoka chini.
2. Kwenye uso wa nyuma, kwa kimo hichohicho cha milimita 12 na katikati ya upana, toboa tundu la mdomo: biti ya milimita 8, kina milimita 18.
3. Kupitia tundu hilohilo, endelea kwa biti ya milimita 4 hadi kina cha milimita 66 kutoka uso wa nyuma. Funga utepe kwenye biti kuonyesha pa kusimama. Usivuke milimita 68, utapita katikati ya bori kuelekea ukuta wake wa mbele. Toa biti mara kwa mara kuondoa unga wa mti, la sivyo itapata moto na kupinda.
4. Saga ncha ya biti bapa ya milimita 20 kwenye jiwe la kunolea hadi iwe na mviringo wa ukucha wa kidole gumba. Itobolee bori kutoka juu hadi kina cha milimita 40. Sakafu itabaki na milimita 10 za mti. Nenda polepole milimita 5 za mwisho, ukichungulia: tundu la hewa litajitokeza chini kabisa, katikati, kama nusu mwezi kisha mwezi mzima. Simama hapo.
5. Vuta hewa kupitia shingo. Ikiwa nyepesi, endelea. Ikiwa nzito, pitisha biti ya milimita 4 tena kuondoa unga uliobaki.
6. Sasa kata umbo kwa msumeno, ukiacha milimita 3 nje ya mstari. Malizia kwa tupa. Ukuta wa bori usipungue milimita 8 popote, na shingo isipungue kipenyo cha milimita 18.
7. Mdomo: unaweza kununua kijiti cha eboniti (mpira mgumu), au utumie pembe ya ng'ombe au mwanzi. Toboa milimita 4, chonga ulimi, yaani ncha inayoingia kwenye shingo, wa kipenyo cha milimita 8 na urefu wa milimita 17, yaani mfupi kwa milimita moja kuliko tundu lake. Ukaze kwa tupa na msasa, ukijaribu kila mara, hadi uingie kwa kuzungushwa na usitoke kwa kutikiswa. Pembe ikipigwa tupa inatoa vumbi baya, vaa barakoa.
8. Msasa 120, 240, 400, 600. Kabla ya 600, futa kiko kwa kitambaa chenye unyevu, kiache kikauke. Nyuzi zitasimama, nawe utazikata mara moja na hazitasimama tena.
9. Pasha nta ya nyuki kidogo, paka nje, sugua hadi kung'aa. Vanishi usitumie: mti haupumui, na karibu na moto vanishi hutoka mapovu.
10. Ndani ya bori paka mchanganyiko wa unga wa mkaa na maziwa mgando, mwepesi kama rangi. Chomeka kijiti kwenye tundu la hewa usilizibe. Kausha siku mbili. Tabaka hili hulinda mti hadi masizi ya tumbaku yenyewe yajenge lake.

Mitindo mingine ya kuiga, na mmoja wa kuuacha

Ukishamaliza kiko cha mti, milango mingi imefunguka. Waturuki wa enzi za Wauthmaniya walikuwa na chubuku, bori dogo la udongo mwekundu kwenye mrija mrefu wa mcheri au mjasmini. Bori ulilojifunza hapo juu linafaa kabisa, badilisha mrija tu. Kiseru cha Japani kina bori na mdomo vya chuma na mwanzi katikati, na bori lake ni dogo mno, hubeba tumbaku iliyokatwa kama nywele. Eskişehir, Uturuki, huchonga sepiolaiti, jiwe jeupe jepesi ambalo huchongwa likiwa na unyevu na kupikwa kwenye nta. Sisi Afrika Mashariki tunayo: lilichimbwa Sinya, kaskazini mwa Tanzania karibu na mpaka wa Kenya, na viko vyake vikatengenezwa Arusha na kuuzwa nje. Anayepata kipande cha jiwe hilo akitunze.

Kiko ninachokuomba usikiige ni kile cha jiwe jekundu la Pipestone, Minnesota. Kwa mataifa ya wenyeji wa Marekani kiko hicho ni chombo cha ibada, na machimbo yake, yaliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1937, wanachimba wao kwa mikono. Jifunze historia yake, usiuze nakala yake sokoni.

Kukizoesha kiko moto

Kiko cha mti na cha gunzi hujazwa theluthi moja tu mara za kwanza, kisha nusu, kisha kijazwe. Vuta polepole. Tabaka la masizi likifika unene wa milimita 1 ndani, likwangue lisizidi hapo, maana masizi yakizidi hutanuka kwa joto na kupasua bori. Bori la udongo halihitaji haya.

Matatizo na dawa yake

*Kiko cha mti kinabubujika kama cha maji.* Unyevu umekusanyika pale mdomo unapokutana na shingo. Angalia ulimi wa mdomo: ukiwa mfupi sana, panabaki chumba ambamo mvuke hugeuka maji. Tengeneza mdomo mwingine wenye ulimi wa kufikia.

*Kinachoma ulimi.* Mara nyingi unavuta haraka, au tumbaku ina unyevu. Ikiendelea, tundu ni jembamba: pima, lipanue hadi milimita 4.

*Moto unazimika chini, tumbaku ikiwa bado ipo.* Tundu la hewa limeingia juu ya sakafu. Jaza sakafu kwa udongo laini uliochanganywa na unga wa mkaa hadi ifike usawa wa tundu, ukaushe siku kadhaa.

*Ukuta wa bori una doa jeusi lenye joto kali nje.* Acha kukitumia mara moja. Mti unaungua kutoka ndani. Kwangua, ukiona ufa au shimo, kiko hicho kibaki cha mapambo.

*Mdomo umekwama.* Usiuzungushe kiko kikiwa cha moto, shingo itapasuka. Subiri kipoe, kiweke kwenye friza nusu saa, kisha zungusha kwa upole.

*Kifuu hakitoi malio.* Maji ni machache, ncha ya digali haijafika majini. Yakiwa ya kutosha na bado kimya, hewa inaingia penye shilamu: paka nta upya.

*Kifuu kinavuja chini.* Tafuta ufa kwa kujaza maji na kukausha nje kwa kitambaa. Ufa mwembamba uzibwe kwa nta ya moto kutoka ndani. Ukiwa mrefu kuliko sentimita 2, tafuta nazi nyingine.

*Bori la udongo limepata ufa baada ya kuchomwa.* Ligonge kwa ukucha. Likilia kwa sauti kali, ufa ni wa juu tu na litatumika. Likitoa sauti butu, ufa umepenya: litwange, uchanganye kwenye udongo wa bori litakalofuata.